Mtaa Wenye Baraza Upande Mmoja

Mgeni akija mtaani kwetu Mohoro hakosi kuuliza. Upande wa magharibi nyumba zina baraza, watu wamekaa, bao linachezwa, anayepita anaamkiwa. Upande wa mashariki nyumba nne zimesimama wima kama watu walioitwa mbele ya karani. Ukifungua mlango tu, mguu wa kwanza uko njiani. Wenyeji wa siku hizi humjibu mgeni kwamba ndio mtindo wa zamani. Si mtindo. Mimi nilikuwepo, na chanzo ni mama yangu. Kila nikikumbuka, namshukuru Mungu kwa watu alionikuza kati yao.

Mtaa wenyewe ulikuwa mchanganyiko. Mjerumani alipokuwa na boma pale, walikuja watu wa kila namna, Wandengereko wa bondeni, Wamatumbi wa vilimani, watu wa visiwani kama sisi. Boma likahamia Utete, akaja Mwingereza, watu wakabaki. Ukitwanga mpunga saa si yake, mtaa mzima unajua umepata mgeni. Asubuhi watu waliazimana moto kwa kigae, na maneno waliazimana vivyo hivyo, ila hayo hayakurudishwa.

Baba alikuwa mkata mikoko kule delta. Alipofariki nilikuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya utoto. Mama alikaa eda, akaimaliza, kisha akakataa kurithiwa na shemeji yake. Kisiwani kwetu jambo hilo halikuwa limesikika. Alituchukua mimi na mdogo wangu tukapanda mtumbwi, na hapa Mohoro akapata nyumba ambayo hakuna aliyeitaka. Nyuma yake palikuwa na shimo ambalo Rufiji ukifurika lilijaa maji hadi ukutani. Kwa sababu hiyo aliyeijenga aliisogeza mbele, ikachomoza njiani kuliko nyumba za jirani. Mama hakujali. Alisema mlango wa kufunga na kufungua mwenyewe unamtosha.

Kila alfajiri alipika vitumbua kwenye baraza yetu finyu, na ugomvi ulianzia hapo. Ng'ambo ya njia alikaa fundi cherehani, mzee mrefu wa miwani iliyofungwa uzi, aliyeshona kanzu kwenye baraza yake pana. Moshi wa mama ukipeperuka ulitua juu ya bafta nyeupe. Fundi alilalamika kwa adabu, baadaye akalalamika bila adabu. Mama akamjibu kwamba moshi hauna kamba, kama anaweza aufunge yeye. Ulimi huo nimeurithi, wala siuombei radhi. Wakafika mahali pa kusalimiana kwa kidevu tu.

Ndipo ikaja habari ya lori la pamba. Bwana Afya alifika na kaptula iliyonyooshwa kwa pasi, mkononi kamba yenye mafundo mawili ya kupimia upana wa njia. Alisema serikali inataka lori lipite mtaani bila kukwaruza kuta. Fundo la kwanza aliliweka kwenye ukingo wa baraza za mashariki, kwa kuwa zilikuwa zimenyooka, kamba ikavutwa kuja kwetu. Fundo la pili likaingia ndani, hatua moja kupita kizingiti. Akapigilia kigingi papo hapo, katika ukumbi wetu. Kilicho mbele ya kigingi kivunjwe, alisema, naye atarudi baada ya siku saba.

Mbele ya kigingi kulikuwa na baraza, ukuta, na sehemu ya vyumba viwili tulivyolala. Kurudisha nyumba nyuma haikuwezekana, nyuma ni shimo. Mama hakulia. Alianza kupanga vyombo kikapuni, na nilipomuuliza tunakwenda wapi akasema kisiwani. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kisiwani maana yake ni kwa shemeji.

Siku ya tatu tukamwona fundi amepiga magoti njiani na tepu yake ya kupimia nguo. Alipima baraza yake tangu ukutani hadi ukingoni. Akaja kwetu, akabisha hodi, akapima tangu ukingo wa baraza yetu hadi kwenye kigingi. Mama alimtazama, akajumlisha mambo kichwani mwake, akapata jawabu. Kumbe huyu ndiye aliyemwita Bwana Afya, na sasa anapima kiwanja.

"Bwana fundi," alimwambia mbele za watu, "subiri basi nife. Kaburi hupimwa maiti akiwepo, na mimi bado napumua."

Fundi aliizungusha tepu mkononi taratibu.

"Nguo ikimbana mtu, bibie, fundi hakati mtu," alisema, akavuka njia akarudi kwake.

Mama aliona amedharauliwa. Kisimani alimweleza kila mwenye masikio kwamba jirani yake amemuuza, na mimi nilisimama kando yake na ndoo, nikiitikia.

Siku ya Ijumaa, watu wametoka msikitini, tukasikia majembe. Tulipochungulia tulimwona fundi amepandisha kanzu kiunoni, anabomoa baraza yake mwenyewe. Cherehani ilikuwa juani, imefunikwa mkeka. Jirani yake wa kulia naye alikuwa anabomoa. Kisha wa kushoto, kisha na yule wa nyumba ya mwisho, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa uvivu. Walikata na makuti ya upenuni. Wake zao walijaza udongo makaraini, wakapita ubavuni mwa nyumba yetu bila kutuuliza neno, wakaumwaga kwenye lile shimo letu la nyuma.

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alimshika mmoja wa wale wanawake akamuuliza kuna nini. Yule akaweka karai chini akamweleza kwamba baraza zao zina dhiraa tatu, na nyumba yetu imezidi dhiraa tatu. Fundi ndiye aliyepima, na ndiye aliyesema na wanaume msikitini. Mama akakaa kwenye kizingiti, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu siku ile ya kigingi.

Bwana Afya aliporudi alianzia kwenye kuta za mashariki, maana baraza hazikuwepo tena. Fundo likaangukia chini ya baraza yetu, nje. Aliutazama mtaa, akazitazama zile kuta zilizochubuka, akapima tena. Kisha akaingia ukumbini kwetu, akang'oa kigingi, akasema lori litapita. Angeweza kuuliza mengi, hakuuliza. Naye namshukuru.

Mchana huohuo mama alivuka njia na sahani ya vitumbua, akapiga goti, akaomba radhi. Fundi alipokea sahani, akasema radhi ipo, ila yeye sasa hana pa kuweka cherehani. Kabla ya alasiri jiko la mama lilikuwa limehamia uani, juu ya udongo ule wa baraza nne, na cherehani iko kwetu. Alishona hapo miaka yote mpaka naolewa. Upepo ukigeuka ukaleta moshi kutoka uani, aliwaambia wateja kwamba amekimbia moshi akahamia kwa wenye moshi. Kupinda upindo alinifundisha yeye, na mpaka leo nikishika sindano namwombea dua.

Alasiri kivuli kilipoingia upande wetu, wanaume wa ng'ambo walivuka na bao lao. Mama aliisiriba baraza ile kila Alhamisi kwa mikono yake. Siku moja, nimeshakuwa kigori, niliwakaripia watoto wa ng'ambo, "Msichafue baraza yetu!" Mama alinifinya mkono, akaniambia nisilirudie neno lile. Sikuelewa ni neno gani.

Nililielewa fundi alipofariki. Jeneza lilitoka kwake, lakini kwake hapakuwa na pa kukaa wanaume, mikeka ikatandikwa kwetu. Akafika kijana wa ukoo wao kutoka Umwe, ambaye hakuwa anazijua habari za mtaa. Alisimama njiani amekunja uso, akauliza kwa nini matanga ya mzee wao yanawekwa kwa watu baki, kana kwamba marehemu hakuwa na kwake. Mama akatokea mlangoni, kanga kichwani, macho mekundu.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Hii ndiyo baraza yake. Ilivuka njia tu."

Kijana aligeuka akautazama ule ukuta wa ng'ambo usio na baraza. Kisha akavua viatu, akakaa.