Jumapili Niliyomtafsiri Mama Mkwe

Mwanangu, sijaisahau Jumapili moja ya ujana wangu, nilipowachekesha wanawake wa Lindi mpaka wakashika mbavu, nami nikarudi nyumbani nimeharibu.

Nilikuwa bi harusi wa miezi minne. Mume wangu alikuwa karani bandarini, na tulikaa na mama yake, Bi Somoe, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mtamu wa kupika, Mwenyezi Mungu amrehemu. Zilikuwa zama za ujamaa, sukari tunaipangia foleni, lakini sinema ilikuwepo, na Jumapili alasiri ilikuwa ya wanawake peke yao. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi. Ikija ya Kiingereza natafsiri mimi, kwa kuwa nilisoma kidogo. Nilisimama mbele, pembeni ya kitambaa cha sinema, nikapaza sauti. Na sauti ninayo, hata sasa unaisikia!

Siku hiyo ilikuja ya kuchekesha, ya Waingereza walalahoi. Bwana anapakia makaa ya mawe, mkewe anafulia watu nguo, na mama yake bwana amebanana nao humo humo kwenye kijumba chembamba, choo uani. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba watu wale walianzia kwenye televisheni ya kwao, kila wiki kituko kipya, na walipopendwa sana ndipo wakatolewa filamu nzima, wakapelekwa likizo pwani. Sisi huku Tanzania Bara televisheni hatukuwa nayo, kwa hiyo tuliwaona kwa mara ya kwanza. Weee, wanawake walishangaa! Mzungu anafua mwenyewe? Mzungu anagombea choo? Na huko pwani walikokwenda kupumzika mvua inanyesha, nao wamekaa mchangani na makoti yao, wanakula samaki kwenye gazeti. Jirani yetu mmoja akapiga kelele, "Hawa si wazungu, hawa ni sisi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Basi kichwa kikanivimba. Maneno ya filamu nikayaona hayatoshi. Kila yule mama mkwe wa kizungu akifungua mdomo, mimi namtia maneno ya Bi Somoe: "Wali gani huu, umepikwa au umelowekwa?" Bi Somoe mwenyewe alikuwa safu ya tatu, anacheka kuliko wote, anampiga shoga yake begani: "Ananisema mimi huyo! Mimi huyo!" Alifurahi, wallahi. Ningeishia hapo.

Kisha yule bibi wa kizungu akabaki peke yake chumbani, akaitazama picha ya marehemu mumewe, akaanza kusema nayo. Nami nikakumbuka kanzu. Baba mkwe alikuwa amefariki mwaka uliopita, na kanzu yake ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa mama. Kila asubuhi, akidhani tumelala, aliihadithia: "Bwana, leo nimeamka na mgongo. Bwana, mkeo nimezeeka, ungeniona ungenikimbia." Nilikuwa nikisikia ukutani. Nikayatoa yote pale mbele, neno kwa neno, na sauti nikamwigiza. Na kwa kuwa alikwisha kujitangaza, kila mtu alijua ni nani. Walicheka! Bi Somoe akajifunika buibui usoni.

Njiani hakunisema. Asubuhi yake, ukutani kimya. Nilipoingia kufagia, msumari ulikuwa mtupu, kanzu kaifungia sandukuni. Siku nne nzima alipika, aliswali, aliitikia salamu, lakini hatanii wala hagombi. Mwanangu, niliomba anitukane. Siku ya tano nikapiga magoti jikoni, nikamtaka radhi huku nalia.

Hakuacha kukuna nazi. "Uliponisema mambo ya wali, nilikuwepo, nikacheka," alisema. "Ningetaka, ningekujibu. Yale mengine sikuwa nasema na wewe." Akakung'uta mbuzi. "Najua ukuta wetu mwembamba. Lakini nilidhani upande wa pili nina mwana."

Lo! Inanichoma mpaka leo. Nikamwomba ufunguo wa sanduku. Alinitazama sana, kisha akaufungua kutoka kwenye pindo la kanga. Niliitoa ile kanzu, nikaipiga pasi ya mkaa, nikaitundika mahali pake. Halafu nikasimama mbele ya kanzu kama mjinga, sijui niseme nini. Nikasema tu, "Shikamoo, baba. Nimekosa."

Nyuma yangu, mlangoni, Bi Somoe akaitikia: "Marahaba. Anasema usirudie tena."

Tulicheka wote wawili, tukalia wote wawili.

Sikukatazi kuchekesha, mwanangu. Nyumba isiyo na utani mimi siiwezi. Wale Waingereza walitukanana kutwa, lakini kila mmoja alikuwepo kujibu tusi lake, ndiyo maana tuliwapenda. Basi mcheke mtu akiwepo, na akiweza kukurudishia. Alilolisema akidhani yuko peke yake, hata kama ulilisikia bila kukusudia, liache papo hapo. Siku hizi mna simu. Mnawapiga wazee wenu picha wanasinzia, wanasema peke yao, mnazituma watu wacheke. Kabla hujatuma, muulize mwenyewe. Akikataa, futa, wala usinune.

Mola akujaalie nyumba yenye kelele na vicheko, mwanangu, na wazee wako wakuamini hata wakijua unasikia. Amina.