Nani Alipewa Ardhi ya Magharibi

Kosa langu kubwa nililifanya siku ya kwanza kazini, katika skuli ya binafsi huko Mabela, Uarabuni. Nilifundisha kwamba utumwa ulipokwisha Marekani, serikali iligawa ardhi ya magharibi kwa yeyote aliyekubali kuilima na kukaa miaka mitano, basi walioachwa huru nao wakapata mashamba. Ili watoto waelewe, nikalinganisha na Unguja: mikarafuu ya babu zetu, na walioachwa huru wakilima chini yake kama kwao.

Historia hiyo nimejifunza mwenyewe, na kukosea kunanitisha kuliko kufukuzwa. Kwa hiyo Thuraya, mwanafunzi wa mbele, aliponijibu, masikio yaliniwaka.

“Ustadh, wale wa Unguja hawakupewa ardhi. Waliambiwa wakae, wapande mihogo, wapalilie mikarafuu ya mwenye shamba. Akiwachoka, wanaondoka.”

Nikarudi kusoma upya. Kweli, sheria ile ya ardhi haikuwafungia mlango watu weusi, na wapo waliokwenda jimbo la Kansas wakajenga miji yao. Lakini wengi walitoka utumwani hawana ng'ombe wala plau, wakabaki kusini wakilima kwa kugawana mavuno na mabwana wale wale. Ardhi yenyewe ilikuwa imenyang'anywa wenyeji wa asili. Na jamii nzima ikazoea kusema: magharibi kuna ardhi, aliyebaki maskini kajitakia.

Wiki iliyofuata nilisahihisha yote mbele ya darasa, Unguja ikiwemo. Wazazi, wengi wao wajukuu wa wenye mashamba ya Unguja, wakalalamika. Mwalimu mkuu, mama wa Kiunguja aliyeniajiri, akaniita ofisini.

“Mwanangu, Marekani yao iseme utakavyo. Yetu iache. Watu hapa wana babu zao.”

“Na mimi nna babu yangu, mama. Shamba lilikuwa lake.”

“Basi ungekuwa wa kwanza kunyamaza.”

Akaniambia, kwa upole, kwamba nisipoiondoa sehemu hiyo mkataba wangu hautaongezwa. Sikuiondoa.

Mkataba haukuongezwa. Nyinyi mnaoanza ualimu mtaambiwa nilikuwa mkaidi, na ni kweli. Nilitaka kila neno liwe sawa. Sikuona vipi ningesahihisha Kansas nikaliacha shamba la babu.

Siku hizi nnafundisha jioni, mtaa wa Khuwair ya Kusini, darasa la watu tisa. Mabela somo lile linafundishwa bila Unguja. Kwangu linafundishwa lote.