Maombi kwa Ajili ya Kapteni Joseph

Naona aibu hata kuandika, lakini bora mlisikie kwangu kuliko kwa majirani: kilichoninyima usingizi wiki ile nzima ni swali la kama farasi wa mashindano aliyepumzika miezi saba hurudi na nguvu mpya au hurudi mzito. Mimi mwenyewe nilikuwa na miezi saba nyumbani tangu nimalize chuo Kyambogo, ndiyo maana swali lilinigusa, na kwenye duka la kubeti pale Bukoto nilikuwa nimeshamwekea farasi huyo, Kapteni Joseph, hela ya viatu vya usaili niliyopewa na mama. Angekimbia Jumamosi, Afrika Kusini.

Mama, mjane wa askari, akaona chai yangu inapoa.

"Wewe, nini kinakusumbua?"

Ningesema tumbo, yakaisha. Nikasema nina rafiki, Joseph, amekaa miezi saba bila kutoka, na Jumamosi ndiyo itajulikana kama miguu imerudi. (Uongo ulikuwa neno moja tu, rafiki.)

Mama ana kikundi cha maombi cha wake na wajane wa askari. Jioni ile Joseph akaombewa, kesho yake wakafunga kwa ajili yake, na Mama Shamimu, jirani yetu Mwislamu, akaleta habari kwamba naye amemsomea dua.

Jumamosi natoka kwenda kutazama mbio, nakuta gari mlangoni, kina mama wamejaa ndani na chupa ya uji, mchuzi wa kuku na mkeka mpya wa kulalia mgonjwa.

"Panda, mwanangu," akasema Mama Okello, mwenyekiti wao. "Amelazwa wapi?"

Nikasema Mengo, kwa kuwa najua kule kuna hospitali, nikapanda. Njia nzima nawaza: nikisema ameruhusiwa, watataka kwenda kwake, nikisema amekufa, watataka kuzika.

Langoni mlinzi akamuuliza mama kwa heshima, "Nyabo, mama yangu, mgonjwa wenu ni nani?"

"Joseph," akasema mama.

"Joseph nani?"

Wote wakanigeukia. "Kapteni," nikasema. Mlinzi akapiga saluti.

"Kumbe ni mtu wetu," akasema Mama Okello, "na wewe umenyamaza tu." Mama akaanza kufuta machozi, naye huwa halii ila akimkumbuka baba. Hapo nikashindwa.

"Mama, Joseph ni farasi. Nimembetia hela ya viatu."

Mlinzi akashusha mkono.

"Na ule mfungo wetu?" akauliza Mama Okello.

Mama akanipa chupa ya uji. "Ingia. Tafuta asiye na mtu wa kumletea chakula, umnyweshe."

Mbio zilipoanza nilikuwa nimemshikia mzee mmoja kikombe. Matokeo sijayatazama mpaka leo, na duka lile nikilifikia navuka barabara. Jumatatu nilivaa buti za marehemu baba, zikinipwaya, nikaenda kwenye usaili, na walipouliza miezi saba yote nilikuwa nafanya nini, nikajibu bila kufikiri mara mbili: nilikuwa napumzika.