Mama Niliyemwita Muzungu Harusini

Mimi huongoza sherehe za harusi hapa Bukavu, na Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja wa Nyalukemba, ulimi wangu uliniponza. Niliambiwa kuwa familia ya bwana harusi inatoka Ubelgiji. Basi nilipomwona mama mmoja mweupe, mwenye nywele laini, nikajua mgeni ndiye huyo. Nikamsalimia kwa Kifaransa cha polepole, akatabasamu. Nikamwondolea bugali aliokuwa ameanza kuumega, nikamletea viazi vya kukaanga. Akavila. Nilijiona hodari kweli.

Kisha nikatangaza, "Mumupigie mama yetu muzungu makofi! Iko mara ya kwanza anafika kwetu Congo!"

Hakuna aliyepiga. Mama akasimama, akaja kuniomba kipaza sauti.

"Mimi niko mama ya bwana harusi," akasema kwa upole. "Papa yangu ndiye alikuwa muzungu. Maman yangu alikuwa Murega wa hapa Congo, na mimi nilizaliwa kule Shabunda. Kule Ubelgiji wananiita Mukongomani. Nilifikiri nikifika hapa kwetu nitapumuzika."

Akanirudishia kipaza sauti. Ukumbi mzima ukanitazama, nami nikaenda kumrudishia bugali wake.