Dawa ya Kukuza Sukuma ya Mama Atieno

Miaka ya tisini nilikuwa naosha chupa katika maabara moja ya mimea hapa Nairobi, lakini nyumbani Kawangware nilijiita daktari wa mimea. Hakuna aliyeniuliza cheti.

Kazini nilikuwa nimeona maajabu. Daktari Wanjala alikuwa akikata kipande cha jani la muhogo, anakiweka kwenye chupa yenye chakula kama jeli kilichotiwa matone machache ya dawa ya kukuza. Baada ya wiki chache kipande kinafura, kinakuwa donge la chembe hai. Nikawaza: kama tone linafanya hivi, kikombe je?

Jirani yangu Mama Atieno alikuwa na shamba dogo la mboga za sukuma wiki kando ya mtaro, na ndiyo iliyolisha watoto wake. Nikaiba kikombe cha ile dawa, nikamnyunyizia shamba lote.

"Daktari, itamea kweli?"

"Wiki moja tu, mama. Utanitafuta."

Kweli alinitafuta. Alikuja hadi maabara, nilikomwambia kuwa mimi ni daktari, na mche mkononi, majani yamejikunja kama makucha ya kuku, shina limepasuka. Daktari Wanjala aliutazama, akashtuka.

"Hii ni dawa yetu! Kidogo inakuza. Ikizidi inaua kama dawa ya magugu. Nani alimwaga?"

Nilikuwa nimeinama kwenye karai, povu hadi viwiko.

"Ni daktari wenu, huyu hapa," Mama Atieno akasema akininyooshea kidole. Kisha akaliona karai. "Woi! Kumbe wewe unaosha vyombo?"