Jogoo Aliyepata Kazi Dar

Mimi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa miaka isiyopungua mia, kwamba kuku wanaopandishwa treni Itigi kwenda Dar es Salaam hawaendi kuliwa. Wanaenda kuajiriwa. Msicheke, subirini kwanza. Niliambiwa kwamba matajiri wa Dar wanalala kwenye nyumba zenye kuta nene, mapazia mazito na feni zinazonguruma, kiasi kwamba alfajiri inapita hawana habari. Wanaamka jua liko utosini, wameshachelewa kila kitu. Kwa hiyo wanaajiri majogoo. Na jogoo wa kule pwani, kwa joto lile, sauti imelegea. Anayetakiwa ni wa Singida, aliyekomazwa na upepo wetu. Anaanza kama kibarua, akiwika vizuri anapewa ajira ya kudumu, na akizeeka analipwa kiinua mgongo cha mtama. Mitetea je? Mitetea wanachukuliwa hospitali, kuwapasha joto watoto njiti.

Hayo yote yamenirudia juzi kwa harufu. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa yametoka. Nilisoma masomo ya jioni, darasa la watu wazima, mwanafunzi mwenye mvi kuliko mwalimu wake, na nilifaulu. Mke wangu akasema haiwezekani msomi alale na mlenda, akachinjwa jogoo. Alipommwagia maji ya moto, ule mvuke wa manyoya yaliyolowa ukaingia mpaka sebuleni, nami nikajikuta nimesimama katikati ya chumba, mtu mzima na kitambi changu, nikitafuta mgongo wa kuukumbatia. Kwangu mimi ile haikuwa harufu ya kuku. Ilikuwa harufu ya Dar es Salaam. Nitawaeleza.

Kwetu palikuwa nje ya Itigi, pale vichaka vinapoanza kusongamana mpaka mbuzi akiingia kichwa mbele hana budi kutoka kinyumenyume. Tulikuwa na nyumba ya tembe, zizi la mbuzi, kuku waliotapakaa kama mchanga, na punda mmoja tuliyemwita Mwenyekiti, kwa sababu hakufanya kazi yoyote bila kubembelezwa. Watu tulikuwa watatu tu: Babu, Bibi na mimi. Jirani alikuwa mbali kiasi kwamba ukimwita asubuhi anaitika wakati wa kufungia mbuzi. Watoto wenzangu niliwaona shuleni. Nikirudi nyumbani, wa rika langu alikuwa Mwenyekiti, naye hakupenda mazungumzo.

Baba sikumjua zaidi ya jina lake nililoandikishwa nalo. Mama aliondoka kwa treni mwaka ule nilioanza darasa la kwanza. Nakumbuka mkono wake dirishani, kisha mikono mingine mingi, kisha sikujua tena wa kwake ni upi. Kila nilipouliza, Bibi alinijibu yaleyale.

"Bibi, mama yuko wapi?"

"Yuko kazini, mume wangu."

"Kazi gani?"

"Kazi."

Jibu hilo alilifunga kama mlango, na ukiendelea kugonga anakutuma kuni.

Babu alikuwa msusi wa matenga ya kuku. Aliingia vichakani na panga akatoka na mzigo wa fito nyembamba, akazipitisha juu ya makaa mpaka zikalainika na kutoa harufu tamu ya kijani kilichoungua. Akaanza kitako, akazipinda fito za ubavuni zikasimama kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi, kisha akasuka kuzunguka, huku akiimba wimbo mmoja ambao haukuwahi kufika mwisho. Tenga la Babu, ndugu zangu, hata ungelitupa kutoka mbinguni lingedunda likasimama. Kulijaribu alikuwa na njia yake: alinitia mimi ndani.

"Ingia, mjukuu wangu. Sukuma. Piga teke. Likikushinda wewe, kuku haponyoki."

Mimi niliingia nikapiga mateke mpaka nikachoka, kisha sikutaka kutoka. Nilikaa humo nimekunja magoti, nikiutazama ulimwengu kwa vipande kupitia matundu: kipande cha Bibi akipepeta, kipande cha mbuzi, kipande cha njia iendayo stesheni. Siku moja nilimuuliza Babu, kama nikikaa kimya, tenga likafungwa, je, ningefika Dar? Alisimamisha mikono yake. "Ungefika," alisema, "lakini ungefika umepinda kama mpini mbovu, mama yako asikujue." Kisha akaendelea kusuka, ila wimbo hakuurudia.

Aliyekuja kununua kuku alikuwa Mjomba Sefu. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa mchuuzi mwenye baiskeli iliyobeba matenga mpaka huwezi kumwona mwendeshaji, unaona tu mlima wa kuku unakuja unaongea. Yeye ndiye aliyenipa habari za ajira.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, bwana mkubwa."

"Mjomba, kuku hawa wanaenda wapi?"

Alimtazama Babu. Babu akazitazama fito zake.

"Kazini," Mjomba Sefu akasema, na kwa vile ulimi wake haukujua kuishia njiani, akaendelea na yale yote niliyowaeleza mwanzo, kuta nene, kiinua mgongo, watoto njiti. Nilimsikiliza mdomo wazi. Msidhani sikuwahi kuona kuku akiliwa. Nyumbani tuliwala, tena mimi ni bingwa wa paja. Lakini hao wa nyumbani nilijua ni wale walioshindwa usaili.

Lililonishika zaidi ni lile la watu wa Dar kupitiwa na usingizi. Hapo nikaelewa kila kitu. Kumbe mama hakuwa amenisahau! Mama alikuwa anachelewa treni. Kila siku anakusudia kuja, kila siku analala mpaka jua linatoka, anafika stesheni treni imeshaondoka, anarudi akilia. Kwa nini asichelewe? Huko hakukuwa na jogoo wa kwetu.

Na jogoo wa kwetu nilikuwa naye. Aliitwa Redio, kwa sababu redio yenyewe ya Babu ilikuwa imekufa betri, na betri tulizozianika juani hazikupata nafuu. Alikuwa mwekundu wa kutisha, mkia mweusi wenye kijani ndani yake, na sauti iliyosikika Manyoni, kama si Dodoma. Babu alinipa akiwa kifaranga dhaifu, nikamlea kwa chenga za mchele na mchwa. Alilala juu ya ukingo wa tenga nililokaa mimi. Nilipozungumza aligeuza kichwa upande, jicho moja kwangu, akasubiri nimalize. Hakuna mtu mwingine pale nyumbani aliyesubiri nimalize.

Nilitangaza jambo langu wakati wa chakula cha mchana. Redio aende Dar, akamwamshe mama.

Babu aliacha tonge njiani. "Jogoo huyu ni wako. Akienda ameenda."

"Nataka aende."

"Utabaki na nani?"

Nikasema, "Nitabaki na Mwenyekiti."

Sasa, kwetu kila nyumba ilifunga utambaa kwenye mguu wa kuku wake, ili wakichanganyika na wa wenzetu wajulikane. Wa Bibi walikuwa na utambaa mwekundu, uliotoka kwenye shuka lililochakaa. Nilimwambia Bibi kwamba mwekundu hautoshi. Kuku wote wa Bibi wanao, mama atajuaje kuwa huyu ni wangu? Nilitaka kipande cha ile mbeleko. Ilikuwa kitenge cha manjano chenye miavuli midogo ya bluu, kitu cha ajabu kwa nchi ambayo mvua huja kama mgeni mwenye haraka. Mama alinibeba kwa kitenge hicho mgongoni mwake. Alikiacha juu ya ungo siku aliyoondoka, na Bibi alikuwa amekifungia sandukuni, hajakifua wala kukitumia.

Nilitegemea kupigwa. Bibi alisimama muda mrefu amefungua sanduku. Kisha akakiweka kitenge mdomoni, akauma pindo kwa meno yake machache, akachana. Alichana kwa uangalifu, mwavuli mmoja ukatoka mzima. Akanifungia Redio mguuni yeye mwenyewe, fundo lisilobana wala kulegea, huku akimsemesha kwa Kinyaturu, taratibu, kama anavyosemeshwa msafiri.

Redio aliondoka juu ya baiskeli, tenga la juu kabisa. Hakuwika. Mimi nilikimbia nyuma mpaka kwenye mashimo ya udongo, kisha nikarudi nikaingia ndani ya tenga lililokuwa halijaisha, ukingoni hapana mtu.

Nikaanza kusubiri. Honi ya treni ya kutoka pwani ilipolia niliacha chochote nilichoshika. Nilimfunga Mwenyekiti hatamu, nikijua mama atakuwa na mizigo. Alfajiri kwetu ikawa kimya kama shimo. Bibi alichelewa kuamka, Babu alichelewa kuamka, mimi nilikuwa macho. Nilijiambia: sasa hivi anawika kule. Sasa hivi anafumbua macho. Sasa anatafuta viatu. Nilimpa Redio nafasi ya kukosea, maana nilijua Dar ni kubwa. Masika yakapita. Alizeti zikafunguka, zikainama, zikavunwa. Mwenyekiti akachoka kufungwa hatamu bure, akaniuma bega.

Mama alikuja kiangazi cha mwaka uliofuata, peke yake, kwa miguu kutoka stesheni, na mimi siku hiyo nilikuwa malishoni. Nilipofika nilimkuta ameketi kwenye kigoda cha Bibi. Nilisahau shikamoo. Nilimrukia mgongoni kama mtoto wa mbeleko, miguu yangu ikiburura chini, nikazika pua yangu kwenye nguo zake. Hapo ndipo nilipokutana na ile harufu: mvuke, unyevu, kitu kama manyoya, kitu kama chuma. Nikasema moyoni, kumbe Dar inanukia hivi. Mikono yake ilikuwa na mabaka meupe mpaka kwenye viwiko, na kucha zimelainika kama za mtu aliyeoga mto mzima. Nikaona ndiyo mikono ya mjini.

"Mama, Redio hajambo?"

Mama alimtazama Bibi. Bibi akachochea moto usiohitaji kuchochewa, akamweleza kwa Kinyaturu, maneno machache. Mama akanivuta, akasema, "Hajambo. Amepandishwa cheo."

Niliwatangazia shule nzima. Nadhani mpaka mwalimu mkuu alinionea wivu.

Mama hakurudi tena Dar. Kwangu ilikuwa wazi ni nani aliyemwamsha. Nilikua, nikajua kuku wa treni huenda wapi, sikuwa mjinga kiasi hicho. Lakini Redio nilimwekea nafasi yake. Nilipokwenda Dar mwenyewe, kijana wa kubeba mizigo, jambo la kwanza nilivuta hewa kwa nguvu. Nikapata moshi, samaki na jasho. Nikashangaa: harufu imekwenda wapi?

Basi juzi, mvuke ule uliponifikia, nilitoka uani. Mama, ambaye siku hizi anaishi nami Singida mjini, alikuwa amemwondoa mke wangu kwenye beseni. Alimgeuza jogoo ndani ya maji mara moja, akamtoa, na mikono yake ikapita juu yake kama anapangusa vumbi. Manyoya yakaanguka yote. Nilikuwa sijameza mate, kuku yuko uchi.

Nilichuchumaa kando yake. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza, wala yeye hakuwahi kusema. Jibu la Bibi lilikuwa limetufungia mlango sote wawili.

"Mama, kule Dar ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Hii," akasema. "Sokoni. Kunyonyoa."

Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza: usingizi wa Dar, treni ya kuchelewa, nilivyomtuma Redio amwamshe, mwavuli mmoja mzima. Nilisimulia kwa madoido yangu ya kawaida, nikitegemea acheke. Hakucheka. Alimlaza jogoo kwenye sinia, akaanza kuvitoa vinyoya vidogo vya shingoni kimoja kimoja, kazi isiyo na haraka.

"Sikuwa nalala, baba," alisema. "Kabla jogoo hajawika maji yangu yalikuwa yameshachemka. Nilikaa mpaka nilipopata nafasi ya kutoka. Na Redio aliliwa. Kuku wote wanaliwa."

"Kitambaa je? Hukukiona?"

"Kila tenga la Singida likifunguliwa nilikuwa naangalia miguu kwanza. Vyekundu vya mama, bibi yako, niliviona, nikavifungua. Mwavuli sikuuona. Tulikuwa wengi pale. Atakuwa alinyonyolewa na mwenzangu."