Vijitumbo vya Mdogo Wake

Pale maabara walimwita Mlezi, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kuotesha utumbo wa watu. Usicheke! Daktari anachomoa kinyama kwenye utumbo wa mgonjwa, kidogo kuliko punje ya mchele. Mlezi anatenganisha chembe zake, anazilaza kwenye ute mzito ndani ya visahani, anazinywesha maji ya lishe na kuziweka kwenye kabati la joto. Baada ya siku kadhaa zinakuwa vijifuko, utumbo kamili, ila kuuona mpaka kwa hadubini. Wenyewe waliviita vijitumbo. Humo ndimo dawa mpya zilimojaribiwa kabla ya kumgusa mtu.

Basi mdogo wake, kitindamimba wa mama yao, akaugua utumbo. Vidonda ndani kwa ndani, akila anatoa damu. Naye akakubali kutolewa kinyama.

"Dada, wanangu hawajambo?" alikuwa akitania pale kitandani. "Wamekula?"

"Wamekula, wamekushinda wewe," Mlezi anajibu, huku roho inamuuma.

Dawa mpya ikatiwa kwenye vile visahani. Mlezi alipochungulia, hakuamini: vijifuko vilivyokuwa vimesinyaa vimejaa, kuta zimeziba. Mbio hadi kwa mkuu wa maabara.

"Bosi, imemfaa! Nipe nimpelekee, nakuomba."

"Imefaa kwenye sahani. Hatujui itafanya nini kwenye ini lake, wala moyo. Nikikupa akafa, nimemuua mimi."

"Na usiponipa?"

Mkuu akafunga daftari lake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mlezi zaidi. Angekuwa katili, angalau angepata wa kumtukana. Ufunguo wa friji ya dawa Mlezi alikuwa nao mwenyewe mfukoni. Hakuthubutu.

Mdogo wake hakumaliza mwezi.

Kesho yake baada ya mazishi, Mlezi akavaa viatu. Mama akamdaka mkono mlangoni. "Unakwenda wapi, na watu bado wamejaa ndani?"

"Kazini, mama. Vile vya marehemu visipolishwa leo vitakufa."

"Kumbe vipo hai?"

"Vipo."

"Na vinakula?"

"Vinakula, mama."

Mama akauachia ule mkono. "Mwanangu kafa hawezi kumeza hata maji," akasema, "na wewe huko unamlisha. Unamlishia nani?"

Mlezi akaufungua mlango. Akatoka, akaenda kulisha.